Siku Gitaa la Lucius Tolliver Liliposikika

Katika mji mzima wa Newark hapakuwa na gitaa lililopasuliwa tumbo mara nyingi kama gitaa la Lucius Tolliver. Wanaume wengine wakitoka kazini hulala, au hugombana na wake zao, au hukaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba wakilisengenya gari jipya la jirani. Tolliver akitoka kiwanda cha bia, alikokuwa akiendesha mashine ya kuinulia makreti, alinawa mikono, akaketi kwenye meza ya jikoni, akalifungua gitaa. Kulipiga alilipiga pia, tusimsingizie. Lakini ungepima muda wa kulipiga na muda wa kulifungua, ungemwita fundi redio kabla hujamwita mwanamuziki.

Alikuwa amekuja kutoka Carolina Kusini akiwa mtoto, ameshikwa mkono na shangazi yake Ludie, mwanamke mwenye gramafoni moja, santuri chache, na imani kwamba mtoto asiyepiga kelele ni mtoto mgonjwa. Sebuleni kwa shangazi ndipo alipojifunza. Aliweka sindano juu ya santuri, akasikiliza, akatafuta kwa vidole mpaka akapata. Mwalimu hakuwa naye. Watu wakasema kijana huyu ana sikio, na kati ya wote waliosema hivyo hakuna aliyeamini kuliko yeye mwenyewe.

Sikio hilo ndilo lililomfikisha kwa Verdell Gaskins. Verdell alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, binti wa mpiga kinanda wa kanisani, na kinanda chake cha umeme alikipiga bila jasho: mkono wa kulia unaimba, mkono na mguu wa kushoto vinapiga besi, kichwa kinawaza chakula cha jioni. Nyuma yake alikaa Hosea Bunch na dramu zake, mtu mwembamba asiyeweza kunyamaza hata akiwa anatafuna. Wa tatu ndiye Tolliver. Kila Jumapili mchana watu walitoka kanisani na kofia zao, wakajaa baa ya Almira kula samaki wa kukaanga na saladi ya viazi, na hao watatu wakawapigia jazi mpaka sahani zikauke.

Wapiga gitaa wa jazi wana desturi moja ambayo mtu wa nje akiisikia hucheka. Gitaa la umeme lina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti, kingine cha kufungua na kufunga ukali wake. Wapigaji wa muziki mwingine hukifungua hicho cha pili ili wasikike. Wa jazi hukifunga karibu chote, sauti itoke nene, nyeusi, laini kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. Ndiyo heshima yao. Tolliver, kwa kutaka heshima zaidi, alikifunga kabisa. Besi ya kinanda ilipoingia, gitaa lake na mguu wa Verdell vikawa uji mmoja, na wateja wa Almira walijua gitaa lipo kwa sababu walimwona mtu amelishika.

Mchana wao ulifungwa siku zote na wimbo mmoja wa zamani, wa taratibu, ambao hata shangazi Ludie alikuwa nao kwenye santuri na ambao Verdell alirithi kwa mama yake, ukiitwa "Kaa Karibu." Wimbo huo unaanza nyumbani, unazunguka hapohapo mara mbili, halafu katikati unatoka kwenda ugenini, na baada ya hatua nane, kila hatua mapigo manne, unarudi. Kila ulipokaribia kurudi, Tolliver alisikia kitu kichachu. Nota ziligombana, masikio yakakereketa, kisha wimbo ukafika nyumbani na uchachu ukaisha. Na mahali hapohapo, kila Jumapili, Verdell alilikandamiza kanyagio la sauti kwa mguu wa kulia. Kinanda kilinguruma, glasi zikatetemeka, gitaa likazama lote. Watu walisimama na sahani zao mikononi wakapiga yowe. Ngurumo hiyo ndiyo iliyowapa jina. Kuna waliotoka miji ya jirani ya East Orange na Elizabeth kuja kusimama hapo tu na kurudi makwao.

Tolliver aliyapima mambo hayo mawili akapata majibu mawili. Uchachu unatoka kwenye kapasita, kile kidonge cha umeme kinachokaa tumboni mwa gitaa na kuchuja ukali wa sauti. Ngurumo inatoka kwenye wivu wa Verdell, ambaye hawezi kuvumilia gitaa kusikika mahali patamu. Kwamba uchachu ule haukutokea katika wimbo mwingine wowote, wala mahali pengine popote katika wimbo huo, hakukumshtua. Hakujiuliza hata siku moja kapasita inajuaje wimbo umefika wapi. Nyani haoni kundule, na huyu hata kioo hakukitaka.

Basi akahangaika. Alibadilisha kapasita kama wengine wanavyobadilisha soksi. Siku moja akasikia kwa kinyozi kwamba zile za zamani, za karatasi na mafuta, zilizokaa ndani ya redio miaka na miaka, hutoa sauti tamu kuliko mpya. Wiki hiyohiyo akafa shemasi Oglesby, Mungu amrehemu, aliyekuwa na redio kubwa ya mbao. Tolliver alikwenda mazishini, akaimba, akala kuku wa matanga, kisha akamsogelea mjane.

"Pole sana, Mama Oglesby. Shemasi alikuwa mtu wa sauti nzuri."

"Asante, mwanangu."

"Hivi ile redio yake bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Aa," akasema Tolliver kwa masikitiko ya kweli. "Basi ikifa, mnikumbuke."

Redio ilikufa baada ya miezi michache, labda kwa aibu. Kapasita ya marehemu ikahamia kwenye gitaa. Jumapili iliyofuata uchachu ulikuwa palepale, ila Tolliver alidai kwamba sasa una utakatifu fulani.

Mwaka mwingine shida ikawa gitaa kupiga mluzi lenyewe. Akaambiwa achemshe katika nta kinasa, yaani kile kisanduku cha sumaku na waya mwembamba kinacholala chini ya nyuzi na kuudaka mtetemo wake. Akaenda jikoni, akachukua sufuria ambayo mkewe Earline alipikia uji wa mahindi kila asubuhi, akayeyusha mishumaa humo. Kinasa kilipona. Sufuria haikupona. Kwa muda mrefu nyumba ile ilikunywa uji wenye harufu ya Krismasi.

"Lucius," Earline akamwambia akiwa ameshika kijiko hewani, "nyumba hii ina gitaa moja na sufuria moja. Kimoja kinahama leo. Wewe chagua."

"Mpenzi, huelewi. Nikipata sauti, watu watanisikia."

"Mimi nakusikia. Kila siku nakusikia. Nani kakwambia hayo ni mapenzi?"

Tusimcheke mpaka mwisho, maana chini ya ujinga wake palikuwa na kidonda. Miaka yote aliyokaa kwa Almira, watu walimsifia suti yake, walimsifia gari lake la mizigo, walimshukuru kwa kukibeba kinanda cha Verdell, kilichokuwa na uzito wa ng'ombe. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia lolote kuhusu gitaa lake, zuri wala baya. Alikuwa akielekea hamsini. Hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza Earline au mtu yeyote, na kwa kuwa hakuweza kulieleza, alilichomelea ndani ya gitaa kwa risasi ya fundi redio.

Halafu akaja Kessler. Alikuwa bwana mdogo mwenye miwani na kampuni ya santuri ambayo ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Alikaa kwa Almira Jumapili moja, akala samaki wawili, akaisikia ngurumo, akasimama na wengine, na kabla hajaketi tena alikuwa ameamua. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano angeleta mashine yake na kuwarekodi hapohapo, watu wakipiga yowe, bila kukata kitu.

"Nitaweka maikrofoni tatu," akawaambia. "Moja kwenye kinanda, moja kwenye dramu, na moja mbele ya spika ya gitaa."

Kessler alisema mengine mengi kuhusu majina na mkataba. Tolliver hakuyasikia. Maikrofoni moja, peke yake, mbele ya spika ya gitaa! Verdell na akanyage mpaka kanyagio litoboe sakafu. Safari hii pale patamu pangesikika, na santuri isingeweza kusema haikusikia.

Akajifungia jikoni. Safari hii hakutaka sauti nene ya heshima, alitaka sauti ya kupenya. Alikitoa kidonge cha shemasi akaweka kingine kidogo zaidi kisichomeza ukali. Alivitoa vitufe vyote viwili akaweka vyenye nguvu kubwa zaidi, ili umeme usivuje njiani. Gitaa la namna hiyo halina mlango mgongoni. Kila kitu huingizwa kwa ule upenyo mwembamba uliochongwa kifuani. Kwa hiyo alivifunga vitufe kwa uzi, akavitumbukiza gizani, akavivuta taratibu mpaka vikachungulia kwenye matundu yao, ulimi nje, jasho puani, kama mkunga wa mbuzi. Alichomelea upya kila kiungo. Alikipandisha kinasa mpaka kikakaribia kugusa nyuzi. Waya mrefu uliojisokota, uliokuwa ukinywa nusu ya sauti kabla haijafika kwenye amplifaya ya kuikuza, aliutupa, akanunua mfupi. Na, haijapata kutokea, alibadilisha nyuzi, jambo ambalo wapiga gitaa wenzake kwa kinyozi, wapenzi wa sauti laini ya nyuzi kuukuu, walilichukulia kama kufukua kaburi.

Alipomaliza, akapiga nota moja. Earline alitoka chumbani.

"Nini hiyo?"

"Gitaa."

"Hilohilo?" Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Loh! Kumbe lilikuwa humo siku zote."

Na kweli lilikuwa humo. Hapa lazima tumpe haki yake. Sauti ilikuwa safi, yenye mwili na makali, kila nota imesimama peke yake na kivuli chake. Mikono yake ilikuwa ya fundi hasa. Tolliver aliipiga nota ile tena na tena, na machozi yakamtoka mbele ya mkewe bila kuyaficha.

Jumapili ikafika. Baa ya Almira ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti. Kessler alikuwa kwenye kona na mashine yake, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri kuliko siku zote. Watu walianza kugeuza shingo kumtazama Tolliver, wakanong'onezana, na Verdell naye akamtupia jicho lenye wasiwasi ambalo yeye alilisoma kuwa ni wivu ule ule. Hosea akamwinamia kutoka nyuma ya dramu.

"Kaka, leo umekula nini? Nakusikia mpaka kwenye meno."

"Na bado," akasema Tolliver.

Wakafika kwenye "Kaa Karibu." Wimbo ukazunguka nyumbani mara mbili, ukatoka kwenda ugenini. Tolliver alifungua vitufe vyote viwili. Watu walishika sahani zao tayari kusimama. Verdell akakandamiza kanyagio kwa nguvu zote alizojaliwa, kinanda kikanguruma, na katikati ya ngurumo gitaa likatokeza, safi, kali, wazi kama kengele ya shule. Nusu ya watu wakasimama. Kisha wakabaki wameinama, si wima si wameketi, kama waliosikia sahani ikivunjika jikoni. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza kwa sauti, "Nani huyo kakosea?"

Tolliver alisikia uchachu ule ule, ila sasa ulikuwa mkubwa na mpya, umepakwa rangi. Akaigeukia amplifaya akaitazama kwa chuki.

Wimbo ulipoisha, kabla watu hawajatawanyika, Kessler aliwaita kwenye kona. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilitisha.

"Bwana Tolliver, sauti yako ni safi mno. Nimesikia kila kitu."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Hosea.

Kessler akarudisha kanda nyuma, akaifungulia kwenye spika ndogo. Waliinamisha vichwa. Wimbo ukatoka nyumbani ukaenda ugenini: hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, gitaa na kinanda bega kwa bega. Kisha gitaa likafika nyumbani, likavua viatu, likaketi. Kinanda kilikuwa bado kiko njiani. Kilitembea hatua mbili nzima peke yake, huku gitaa likikigongea kutoka ndani kwa shiko moja lilelile la vidole, likikisubiri kifike kwenye mlango uliokuwa wazi. Ndiyo uchachu ule. Hakuna kapasita duniani iliyohusika.

Hosea aliweka vijiti vyake vya dramu chini. Tolliver alihisi uso wake ukiwaka mpaka kwenye masikio, yale masikio mazuri. Na papo hapo akaiona sebule ya shangazi Ludie, santuri ikizunguka, na mahali fulani katikati ambapo sindano ilikuwa ikifanya "tk" kidogo na kuruka. Utotoni alidhani ni mpiga dramu. Aliujifunza wimbo pamoja na mkwaruzo wake, akakua nao, akazeeka nao.

"Hatua mbili," akasema.

"Hatua mbili," Verdell akaitikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi?" Verdell akaweka glasi chini. "Lucius Tolliver, nilikuambia mwaka ule wa kwanza, palepale ulipokaa. Nikakwambia, kaka yangu, hapo kati unakatisha, kuna hatua mbili unaziruka. Ukanijibu nini?"

"Alisema ni kapasita," Hosea akajibu kwa niaba yake. "Nilikuwepo. Nikadhani ni ugonjwa, nikamwambia mama watoto amwombee."

"Mwaka wa pili ukasema ni waya," Verdell akaendelea. "Wa tatu nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaanza kukanyaga."

"Kwa hiyo ile ngurumo..."

"Ile ngurumo ni blanketi, mwenzangu. Nilikuwa nakufunika. Watu wakapenda blanketi."

Kulikuwa na swali moja tu lililobaki, na Tolliver alijua heri asiliulize, akaliuliza.

"Sasa si ungenifukuza? Wapiga gitaa wamejaa mji huu."

Verdell akakitazama kinanda. Hosea naye akakitazama kinanda. Almira, mwenye baa, aliyekuwa akipita na trei, akakitazama pia.

"Una mgongo mzuri, Lucius," Verdell akasema. "Na gari."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja sifa ya rafiki, na hilo ndilo lililochoma. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, sasa akiwa na hasira ambayo Tolliver hakuwahi kuiona kwake:

"Unajua mimi nimepoteza nini? Mama alinifundisha kuipiga sehemu ile taratibu. Taratibu kabisa, vidole vinagusa tu. Zile hatua mbili za mwisho ndiyo roho ya wimbo, ndizo alizokuwa anazipiga watu wakilia kanisani. Sijawahi kuzipiga hivyo hapa. Hata mara moja! Kila Jumapili nikifika hapo nanguruma kama lori, kwa sababu yako."

Kessler akakohoa. Alisema kanda iliyobaki inatosha wimbo mmoja tu, na kwamba angependa waurudie huo, au labda Bwana Tolliver angependa kupumzika nje kidogo.

Tolliver alirudi kwenye kiti chake, akalishika gitaa. Kidole chake kiligusa pale waya unapoingia. Ungetosha mtikisiko mdogo. Waya ungechomoka, angetupa mikono juu, angesema jamani umeme umekufa, na angebaki na jina lake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umezoea njia. Lakini kila mtu pale mbele alikuwa akimtazama yeye, si gitaa, na kwa mara ya kwanza aliona haya kumtupia mzigo kidonge kisicho na kosa.

"Dada Verdell," akasema. "Tukifika hapo kati, mimi nitanyamaza. Pote. Wewe piga kama Mama."

Verdell akaitikia kwa kichwa.

Wakaanza. Wimbo ukazunguka nyumbani mara mbili, gitaa likiimba kwa sauti ile mpya, nzuri, na hapo mahali pake lilikuwa zuri kweli. Kisha ukatoka kwenda ugenini. Tolliver akaondoa mikono kwenye nyuzi akaiweka mapajani. Watu walishika sahani, wakainuka nusu wakisubiri ngurumo. Ngurumo haikuja. Verdell aliondoa mguu kwenye kanyagio, akagusa tu. Waliokuwa wameinuka waliketi polepole, mmoja mmoja, na baa ya Almira, ambayo haikuwahi kunyamaza tangu ijengwe, ikanyamaza.

Zikaja hatua zile mbili. Tolliver hakuwa amezisikia maishani mwake. Ya kwanza ilishuka mahali asipotegemea, ikasita. Ya pili ikageuka kidogo, ikaona nyumba kwa mbali, ikaenda. Zilikuwa nzuri mno. Alikuwa amezikalia miaka yote hiyo kama mtu aliyelalia pete ya mkewe, huku akifungua godoro jipya kila mwaka kutafuta kinachomkera. Aliona uchungu, na aliona raha, na hakuweza kuvitenganisha.

Santuri ilitoka majira ya vuli. Ilipigwa kwenye redio, ikapigwa kwenye mashine za baa mpaka Philadelphia. Watu wote walisema jambo moja: pale katikati, gitaa linaponyamaza, mwili unasisimka. Wajuaji wakaandika kwamba huyo Tolliver ana ujasiri wa pekee, anajua nini cha kuacha.

Na yeye, katika miezi hiyo, alifanya jambo ambalo Earline alilishuhudia kwa mdomo wazi. Alirudi kutoka kiwandani, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ya jikoni, na hakulifungua gitaa. Alilipiga. Alizipiga hatua zote nane, polepole, akikosea, akirudia, mpaka vidole vikaacha kuruka. Haikuwa kazi ndogo kufuta mkwaruzo wa utotoni. Vidole vilikuwa vikikimbilia nyumbani kama punda aliyenusa zizi. Lakini alivishinda.

Jumapili moja akawahi kufika kwa Almira, wenzake wakiwa bado wanavua makoti.

"Hebu sikilizeni."

Akaipiga sehemu ya kati yote, hatua zote nane, kwa sauti ile safi aliyoihangaikia nusu ya maisha yake. Hakukosea hata nota. Zile mbili za mwisho alizipiga kwa upole wa mtu anayeomba radhi. Verdell alifuta jicho kwa kidole cha pete.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Lucius. Mama angeipenda."

"Basi leo naipiga."

Verdell alitazama mlangoni, ambapo watu walikuwa wameanza kuingia, wengine na santuri mkononi ili watiliwe saini.

"Hapana, kaka yangu," akasema. "Hawa wamelipa nauli waje kusikia unavyonyamaza."

Na hivyo ndivyo ilivyobaki. Kila Jumapili wimbo unatoka kwenda ugenini, na Tolliver anaweka mikono mapajani, na hatua zote nane ziko vidoleni mwake, anaziacha zipite moja baada ya nyingine. Almira huzima hata mashine ya barafu. Baadaye mtu wa meza za mbele humjia, humshika mkono kwa mikono miwili, na kumwambia hajapata kusikia mpiga gitaa anayenyamaza vizuri namna ile. Tolliver humshukuru kwa moyo wote, kwa kuwa mpaka leo hakuna aliyemsifia jambo jingine.